Spika ya Kushoto

“Inchi arobaini na tatu,” alisema mama mwenye duka, akipangusa kioo cha televisheni kwa kitambaa. “Ukiangalia mpira hapa, hadi jasho la kipa unaliona.”

“Na muziki?” mume wangu akauliza, akiitupia jicho seti ya spika rafuni.

“Muziki gani tena, baba? Hii ukiinunua, kwenye hiyo bahasha yako inabaki gundi.”

Mume wangu akacheka, kisha akanigeukia.

“Unasemaje, mke wangu? TV kubwa bila muziki, au TV ndogo na muziki wa maana?”

“Chagua mwenyewe,” nikamjibu. “Wewe ndiye mjuzi wa gharama.”

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Mama mwenye duka akajifanya anatafuta rimoti.

Nilikuwa nimesimama katikati ya majokofu na pasi, nimevaa gauni la njano analolipenda, na moyoni namwona kama adui. Mnisamehe. Nikiwaeleza yaliyonifika mtanielewa, na wenye hasira za karibu mtanishika mkono kabisa.

Mume wangu ni fundi bodi. Gari likigongwa likakunjamana linapelekwa kwake, naye analigonga kutwa nzima mpaka linarudi kuwa gari. Mtaani wanamwita Nyundo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, dirishani. Tulijuana alipoleta ovaroli iliyochanika mfukoni. Alinikuta naimba, akakaa kwenye stuli mpaka wimbo ukaisha. Kesho yake akarudi na ovaroli ileile imechanika mgongo mzima.

“Imekutwa na nini hii?” nilimuuliza.

“Mimi,” alisema. “Nimeichana mwenyewe. Nilikuwa sina sababu nyingine ya kuja.”

Mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Nikaolewa. Miaka minne tumekaa vizuri, tatizo letu likawa moja tu: mtoto hakuja. Kila mwezi natumaini, kila mwezi nalia bafuni na bomba nimelifungulia ili asinisikie. Mama mkwe hakuwahi kunisema, Mungu ampe maisha marefu, ila kila akija alikuwa analeta nguo za watoto “za mitumba nzuri nzuri, nimeziona tu nikazipenda.” Zote nilizifungia sandukuni.

Sasa Jumapili moja mchana, wiki tatu kabla ya siku hiyo ya duka, mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuwa ameisifia sana televisheni ya jirani, kwamba ni kubwa, watu wanaonekana kama wamo ndani ya nyumba. Akaenda kujilaza chumba cha pili, pazia tu limetutenga. Mimi nikakaa kochini, kushoto kwa mume wangu. Hukaa hapo siku zote kwa sababu upande wa kulia springi imekatika, ukikaa unazama. Nilikuwa na karatasi ya hospitali ndani ya kitenge changu. Nilitaka yeye ajue kwanza, kabla ya mama yake. Nikamsogelea sikioni, nikamnong'oneza:

“Mume wangu, nina mimba.”

Akanipigapiga gotini. Kisha akasema, na maneno haya nitayakumbuka hadi kaburini:

“Sawa, mke wangu. Lakini gharama yake umeifikiria? Mimi naona tungesubiri kwanza.”

Jamani. Miaka minne, halafu tusubiri!

Nilikwenda jikoni nikashika sinki. Nikampigia dada yangu.

“Umemwambia?” dada akapokea hivyohivyo, bila salamu.

“Nimemwambia. Kasema gharama. Kasema tusubiri.”

“Tusubiri nini? Mimba ni foleni ya benki?”

“Ndivyo alivyosema, dada.”

“Huyo Nyundo ninayemjua mimi? Aliyelia harusini mpaka mpiga picha akamwomba apumzike? Mwambie tena. Labda hakukusikia.”

“Kanijibu. Mtu ambaye hakusikia hajibu.”

“Rudia, nakwambia.”

“Sirudii! Neno kama lile halisemwi mara mbili.”

Nikanuna. Na mimi kununa kwangu kuna utaratibu. Chakula utakuta kipo, maji ya kuoga yapo, shati limepigwa pasi. Kisichokuwepo ni mimi. Nikaacha kuimba. Kilichonitafuna zaidi ni kwamba hakuniuliza kwa nini nimeacha. Alikuwa ananitazama tu nikiwa kwenye cherehani, kisha anainamisha kichwa na kutoka.

Siku moja ikaingia meseji yake nikiwa nakata suruali ya mteja:

“Lile gari jeupe nimelimaliza na nimelipwa. Jumamosi twende tukachukue TV na muziki. Vaa lile gauni la njano. Najua umenikasirikia, nakuomba unisamehe.”

Nikaisoma mara tatu. Mkasi ukaenda kombo, suruali ya mtu ikawa kaptura. Kumbe hela ipo! Ya mtoto haipo, ya televisheni ipo. Nikamtumia dada ile meseji. Akanijibu kwa kifupi: “Nenda naye. Ukishafika huko ndipo umpasue.”

Ndiyo maana siku hiyo nilikuwa dukani, natafuta pa kuanzia kumpasua.

“Basi hii ndogo,” mume wangu akasema, akionyesha televisheni ya inchi thelathini na mbili pembeni. “Na ule muziki pale juu. Una maiki?”

“Zipo mbili, hazina waya,” mama akasema, akiushusha. “Muziki huu, baba, ukiuwasha jirani ana mawili: ahame au aje acheze.”

“Maiki ya nini?” nikauliza. “Unafungua ukumbi?”

“Ninayo kazi nayo.”

“Kazi gani?”

“Nitakwambia.”

“Utaniambia lini? Au nayo tuisubiri kwanza?”

Akanitazama bila kuelewa kitu. Hapo nikazidi kuwaka, maana nilidhani anajifanya.

Mama mwenye duka alikuwa ameshayaona ya wateja mengi. Akaharakisha kuunganisha nyaya, akaweka boksi moja la spika kushoto na jingine kulia, akawasha wimbo kwa sauti ndogo. Maiki moja akampa mume wangu, naye akajaribu, “Halo, halo,” kisha akanipitishia mimi niishike ili yeye aende kukagua spika.

Mafundi bodi hawakagui kitu kwa mbali. Bati wanaligonga, halafu wanalitegea sikio wasikie kama kuna ufa. Mume wangu akachuchumaa katikati ya zile spika mbili. Akaegemeza sikio la kulia kwenye spika ya kulia, akatabasamu.

“Hii nzuri. Safi kabisa.”

Akageuza kichwa, akaegemeza sikio la kushoto kwenye spika ya kushoto. Akasubiri. Akaigonga kwa kidole. Akasubiri tena.

“Mama, hii imekufa.”

“Imekufa? Nimeitoa kwenye boksi sasa hivi, baba, na wewe unaniona.”

“Imekufa. Haitoi kitu.”

“Haya, tusibishane.” Mama akazibadilisha, ya kushoto akaipeleka kulia, ya kulia akaileta kushoto. “Sikiliza tena.”

Mume wangu akategesha sikio la kushoto kwenye spika iliyohamia kushoto.

“Bado. Imekufa.”

“Hiyo ndiyo uliyosema safi kabisa, baba.”

“Basi ni waya.”

Mama akabadilisha na nyaya. Mume wangu akainama, uso umemkunjamana kwa kujitahidi kusikiliza.

“Bado,” akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Mama mwenye duka akanitazama. Mimi nikaweka kiganja juu ya ile spika ya kushoto. Ilikuwa inatetemeka. Wimbo ulikuwa unatoka vizuri kabisa, nilikuwa nausikia tangu mwanzo, kila neno.

Nikapita nyuma yake, nikainama upande wa kushoto, karibu kabisa na sikio lake.

“Nyundo,” nikasema polepole.

Anashika waya.

“Mume wangu.”

Anafuatisha waya kwa vidole mpaka mwisho wake.

Nikazunguka upande wa kulia.

“Mume wangu.”

“Naam?” Akageuka.

Tukatazamana. Mume wangu si mjinga, na bati likiwa na ufa huujua kabla ya mwenye gari. Akauachia waya.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu mvua za mwaka jana.”

“Na hukuniambia?”

“Nilijua limepungua. Sikujua limekufa.”

Mama mwenye duka akazima wimbo. “Ngoja nikaangalie kitabu cha risiti,” akasema, akaenda nyuma. Kitabu kilikuwa mezani mbele ya macho yetu. Watu wengine wana adabu ya kuzaliwa.

Nikachuchumaa pale chini na gauni langu la njano.

“Kwa nini umenificha?”

“Ningekwambia nini? Ulikuja kuolewa na mzima.” Akajilazimisha kucheka, haikutoka. “Kazini nyundo iko mkono wa kulia, bati nalishikilia hapa kushoto, karibu na kichwa. Miaka yote hiyo. Nikawa nasema litafunguka lenyewe.”

“Na mimi nikikusemesha?”

“Nakisia.”

“Unakisia?”

“Nakisia mengi, mke wangu. Ukicheka, nacheka. Ukitikisa kichwa, nasema ndiyo. Ukinyamaza, najua nimekosea.”

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

“Ndiyo maana nilitaka muziki wenye maiki,” akaendelea, macho ameyatupa chini. “Cherehani ikinguruma nakuona mdomo unacheza, lakini sauti siipati. Nikasema nikikununulia maiki, ukiimba nitakusikia kama zamani, bila hata wewe kujua. Halafu wiki hizi tatu hata mdomo hauchezi. Nikajua nimekuudhi vibaya.”

“Unajua ulichoniudhi?”

“Si televisheni?”

“Televisheni gani?”

“Ile Jumapili, mama alipokuwepo. Aliisifia televisheni ya jirani, akatoka, na wewe ukaninong'oneza. Sikupata neno hata moja. Nikaona umeniomba tununue ya kwetu. Nikakujibu gharama yake ni kubwa, tusubiri.” Akauokota ule waya. “Ulivyonuna nikaona, kumbe mke wangu ameitamani sana. Ndipo nikalala gereji siku mbili nimalize lile gari jeupe. Nimeileta bahasha yote. Chagua hata ile kubwa, muziki tuuache. Ila usininunie tena. Nyumba imekuwa kubwa, mke wangu.”

Nililia. Sitawadanganya kwamba nilidondosha chozi moja la kistaarabu. Nililia mpaka kamasi, mbele ya majokofu. Wiki tatu nimemlisha, nimempigia pasi, nimemchukia, na yeye wiki tatu anagonga mabati anitafutie televisheni ambayo sikuiomba.

“Sasa mbona unalia? Niambie. Uliniambia nini siku ile?”

Nilikuwa nimemwapia dada kwamba sirudii. Nikamsogelea upande wa kulia, nikaweka midomo sikioni kwake, mkono wenye maiki, uliokuwa umening'inia muda wote, nimeukunja kifuani. Nikanong'ona:

“MUME WANGU, NINA MIMBA.”

Nilinong'ona, naapa. Ila ile maiki nilikuwa sijaizima.

Ikatoka spika ya kulia na ikatoka ile aliyosema imekufa. Ikavuka mlango na barabara. Fundi viatu wa ng'ambo akasimamisha nyundo hewani. Mteja mwingine aliyekuwa anachagua pasi akaiacha. Mama mwenye duka akachungulia kutoka nyuma, mikono kichwani.

“Nimesikia jamani!” fundi viatu akapiga kelele kutoka kule. “Hongera, mama!”

Mume wangu alikuwa haoni mtu. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye boksi la jokofu.

“Rudia,” akasema.

“Mtaa mzima umesikia.”

“Rudia, mke wangu. Kwa mdomo. Zima hicho kitu.”

Nikaizima.

“Nina mimba. Miezi miwili siku ile nilipokwambia. Sasa inakaribia mitatu.”

Nikaona uso wake unabadilika, nikajua amefika pale nilipokuwa naogopa afike.

“Uliniambia hivyo... na mimi nikakujibu gharama?”

“Achana nayo.”

“Nikakwambia tusubiri?”

“Yameisha.”

“Miaka minne! Unaniletea habari kama hiyo na mimi nakujibu tusubiri! Na umelala na maneno hayo wiki tatu, pembeni yangu?” Akajifunika uso kwa viganja vyake vyenye makovu ya bati. “Kwa nini hukunipiga hata na chungu?”

“Nilipanga kukupasua leo.”

Akacheka na kulia kwa pamoja, akanivuta, akaniegemeza kichwa tumboni, sikio la kulia.

“Humsikii bado,” nikamwambia. “Ni mdogo kama punje.”

“Niache. Nimechelewa wiki tatu.”

Mama mwenye duka akaja, akakichukua mezani kitabu chake cha risiti, macho mekundu. “Haya wanangu, mmenitia kilio na bado hamjanunua kitu. Nifunge ipi?”

Mume wangu akasimama, akajipangusa suruali. Akaitazama ile kubwa, akautazama na muziki.

“Hii ndogo, mama. Inchi thelathini na mbili. Muziki urudishe juu.”

“Nitakupunguzia, baba. Leo ni siku yenu.”

“Ahsante, mama. Lakini kinachobaki kwenye bahasha nusu ni cha sikio, nusu ni cha huyu.” Akaonyesha tumbo langu kwa kidevu. “Muziki ndio unaoweza kusubiri.”

Tulitoka tumeibeba ile televisheni, yeye mbele, mimi nyuma nashika pembe kwa kuzuga tu, maana alinikataza kubeba. Barabarani nikamtumia dada meseji: “Sikumpasua. Hakusikia kweli.” Dada akarudisha: “NILISEMA.” Kwa herufi kubwa zote. Mpaka leo hanipi nafasi ya kusahau.

Hospitali walilipima sikio. Daktari hakutufariji kwa uongo. La kushoto halitarudi. La kulia ni zima, na litabaki zima akilivalisha kinga ya kelele kila siku kazini. Nilimshonea kamba ya kuzining'iniza shingoni zile kinga asizisahau. Wenzake gereji walimcheka wiki moja, ya pili wawili wakaja kuniomba niwashonee za kwao.

Na lile kochi? Jumapili iliyofuata alilipindua miguu juu, akaikunja springi mpya kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa kulia ukasimama imara.

“Kaa hapa kuanzia leo,” akaniambia. “Kushoto atakaa mama akianza habari za jirani.”

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Sanduku la nguo za mitumba likafunguliwa siku hiyohiyo.

Mtoto alikuja msimu wa mvua, wa kike, na sauti yake nadhani kairithi kwangu, ila yeye haimbi. Analia. Analia hadi televisheni yetu ndogo inakosa wa kuisikiliza. Juzi jioni mikono yangu ilikuwa imechoka kabisa, na yeye ndiyo kwanza anapasha koo.

“Mshike,” nikamwambia baba yake. “Mlaze bega la kushoto, upumzike na hizi kelele. Sikio lako si ndiyo faida yake hiyo?”

Akampokea. Akamzungusha taratibu, kichwa kidogo kikaangukia bega la kulia, mdomo wazi kabisa sikioni kwake.

“Huku huku,” akasema, amefumba macho. “Habari zake nilishazikosa mara moja.”